Karakana kwa Mama wa Ng'ombe

Nikiwa mdogo, kiboko aliingia kanisani kwetu akalala. Kanisa lilikuwa bado halina mlango, lilikuwa na ukuta wa udongo na paa la mabati, na kiboko alitoka ziwani asubuhi akaona ni mahali pazuri. Watu wa ibada walipofika walimkuta amelala katikati, kati ya viti vya wanaume na viti vya wanawake, kama mtu ambaye hajaamua akae upande gani. Mchungaji alisema tungoje. Tukangoja. Ibada ilifanyiwa nje juani, na kila tulipoimba kiboko alijibu kutoka ndani, mpaka mchungaji akasema tuimbe polepole. Jua lilipokuwa kali aliamka, akatoka kwa upande ambao haukuwa na mlango, akaenda zake. Hakuumiza mtu. Alivunja viti na ukuta basi.

Hiyo haihusiani na ng'ombe wala na Kawangware, lakini ndiyo njia iliyonileta. Viti vikivunjika lazima vitengenezwe. Aliitwa fundi kutoka ng'ambo ya ghuba, mzee mmoja mwenye sikio moja, hilo lingine sikuwahi kumuuliza lilienda wapi, na alihitaji mtu wa kumshikia mbao. Mimi nilikuwa darasa la tatu na nilikuwa silipendi. Nikashika mbao. Viti vilipoisha fundi akaondoka, nami nikaondoka naye, na darasa la tatu likabaki pale pale mpaka leo. Yule mzee alinifundisha randa na msumeno. Alinifundisha pia nisizungumze na mwenye nyumba kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu mwenye nyumba ukizungumza naye asubuhi anakumbuka mambo mengine ya kutengeneza.

Baadaye nilioa, watoto wakaja, shamba likawa dogo, nikaja Nairobi. Bibi akabaki analima. Nilipanga chumba Kianda, huko Kibera, na majirani zangu karibu wote walikuwa watu wa kwetu, hata nikikohoa Kianda, mama yangu kule nyumbani alipata habari kabla kikohozi hakijaisha. Kianda kulikuwa na mafundi wengi kuliko mbao. Ndiyo nikawa natembea kila asubuhi kwenda kufanyia kazi Kawangware, ambako watu walikuwa wanajenga vyumba vya kupangisha na kila chumba kinataka kitanda.

Nieleze kidogo juu ya vitanda, maana ndiyo kazi niliyoijua. Mtu wa Nairobi miaka ile ya tisini alikuwa anahama kila mara, na kitanda hakipendi kuhama. Kikipita mlango wa kwanza kinalegea. Kikipita wa pili kinaanza kulia. Kikipita wa tatu kinafaa kupikia. Kwa hiyo kazi haikukosekana. Kilichokosekana kilikuwa mahali. Mimi nilifanyia kazi kando ya barabara bila paa, mpaka wakaja watu wa kuchimba mtaro, na mtaro ukapita pale pale ninaposimama. Niliwauliza kama hauwezi kupinda kidogo. Wakasema maji hayapindi. Nikabaki na mbao zangu na kitanda kimoja cha mteja ambacho hakijaisha, na mvua za mwezi wa nne zilikuwa zinakaribia. Mbao ikinyeshewa inapinda, na mteja akilala kwenye kitanda kilichopinda anarudi kwako akiwa amepinda yeye. Nilihitaji paa. Hiyo ndiyo shida niliyokuwa nayo, sikuwa na nyingine kubwa.

Mwenye kunipa paa alikuwa mama mmoja wa Kongo, si ile nchi, ni upande ule wa Kawangware unaoteremka mtoni. Wenyeji wa zamani wa pale walikuwa na mashamba, halafu mmoja baada ya mwingine wakang'oa sukuma wiki wakapanda mabati, wakawa wanavuna wapangaji. Huyu mama hakung'oa. Alikuwa mjane, alikuwa na ua wa kayaba wenye miiba, nepia ya kulisha ng'ombe chini karibu na maji, sukuma na nduma, mbuzi, kuku, na ng'ombe ambao watu wa Kongo wote walikunywa maziwa yao. Tulimwita Mama wa Ng'ombe. Hakunizidi miaka mingi, lakini Nairobi mwanamke mwenye ng'ombe ni mama.

Nilikuwa nimemtengenezea kihori cha kulia ng'ombe, na kilikaa vizuri. Siku moja nikiwa nangoja maziwa nikamweleza habari ya mtaro. Akasema, "Kuna nafasi pale kona, karibu na lango. Jenga hapo. Utanikatia nepia na kuangalia zizi, hatutadaiana."

Nikasema asante.

"Lakini ujenge siku moja. Uanze asubuhi, jioni paa liwe juu."

"Hata kwetu nyumba inajengwa siku moja," nikasema. Tukafurahi kuona tunafanana.

"Na iwe Jumamosi. Shemeji yangu, ndugu ya baba ya watoto wangu, anataka hiyo kona aweke vyumba. Jumamosi jioni anakuja kupima. Akikuta nyasi atapima. Akikuta paa atarudi kwake."

Hapo nikaelewa kwamba yeye pia alikuwa na haraka, na sikuona ubaya. Watu wawili wenye haraka wanajenga vizuri.

Halafu nikamuuliza, karakana kwa Kikuyu inaitwaje. Mimi nikikaa na watu napenda kujua maneno yao mawili matatu, hata kama ni ya kuombea chumvi. Alikuwa anakamua. Akafikiria kidogo, mikono ikiendelea.

"Thingira," akasema.

"Thingira."

"Ni mahali pa mwanamume. Anakaa na vitu vyake. Watu wa nje wakija, anawapokelea hapo."

Nikaona ni karakana hiyo hiyo. Nikalirudia lile neno njia nzima mpaka Kianda ili lisinipotee.

Jumamosi nilikuja na mwenzangu mmoja Mluhya, jirani yangu wa Kianda, ambaye nilimchukua kwa sababu ya urefu. Kuna kazi ya paa ambayo mtu mrefu anaifanya bila ngazi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi mashamba ya kahawa huko Kiambu, na Kikuyu alikisikia vizuri, lakini alikuwa mtu asiyesema neno kabla hajala. Tulibeba nguzo za mkaratusi, mabati yaliyotumika, mbao zangu, na kile kitanda cha mteja, ambacho niliogopa kukiacha nje.

Mashimo yalipokuwa tayari mwenzangu akachukua nguzo ya kwanza. Mama wa Ng'ombe akaacha kuku akaja.

"Hapana. Hiyo ya kwanza aweke fundi mwenyewe. Wewe shika hapo chini."

Nikaiweka mimi. Nilidhani anaheshimu ufundi. Mwenzangu akanitazama, akakohoa, akashika chini.

Sasa siku ya kujenga kwenye shamba si kama siku ya kujenga mahali pengine. Mahali pengine unajenga. Kwenye shamba unajenga kati ya mambo ya wanyama. Nilifunga kamba ya kupimia kutoka kona hadi kona, nikageuka kuchukua pima maji, na mbuzi akala kamba. Hakula yote. Alibakisha kipande cha kutosha kumfungia mbuzi, na hivyo ndivyo tulivyokitumia. Ndiyo maana ukuta wa kushoto nilipima kwa macho. Kuku nao waligundua kwamba udongo wa mashimo una wadudu, wakawa wanaingia shimoni kabla ya nguzo, na ilibidi kila nguzo tuulize kwanza kama kuna mtu ndani.

Wakati huo wanawake wa maziwa walikuwa wamepanga foleni na makopo yao langoni, hatua chache kutoka tulipokuwa, na hawakuwa na jambo la kuangalia isipokuwa sisi.

"Sasa fundi," mmoja akasema. "Unamjengea mama nini?"

"Thingira," nikasema.

Kopo lake likainama, maziwa yakamwagikia kiatu.

"Thingira ya nani?"

"Yangu."

"Wewe ndio umeomba, ama yeye ndio amekuambia?"

"Yeye ndiye aliniambia. Mimi nilikuwa natafuta mahali tu."

"Alikuwa anatafuta mahali tu," akamwambia mwenzake, na yule mwenzake akajifunika mdomo na leso.

"Na utakuwa unalala humo?"

"Kazi ikiwa nyingi nitalala. Siku zingine nitarudi Kianda."

"Bibi unaye?"

"Ninaye, yuko nyumbani analima. Akisikia atafurahi sana. Kila akija ananiuliza, wewe utapata lini mahali pako kama wanaume wengine."

"Huyo ni bibi wa ajabu," akasema yule wa leso. "Mimi ningeitia moto."

Nikaona watu wa Kongo hawapendi biashara ya mbao, kila mtu na mambo yake. Mwenzangu alikohoa tena. Nikamwambia anywe maji.

Nguzo zilikuwa zimesimama zote na tumeanza boriti wakati ng'ombe mmoja alipoanza kulia. Alilia kama mlango wa kanisa. Mama akatoka zizini amejifunga khanga kiunoni. "Fundi, huyu anataka dume, na ni leo. Akilala leo bila dume, ni mpaka mwezi ujao. Mimi siwezi kuacha maziwa."

"Mimi nina paa," nikasema.

"Paa haliendi mahali. Ng'ombe anaenda."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekubali kuangalia ng'ombe, na nepia ya kukata ilikuwa bado inaningoja. Nikamwachia mwenzangu boriti, nikamfunga ng'ombe kamba, nikaondoka naye kuelekea Gatina, ambako mzee mmoja alikuwa na dume. Ng'ombe mwenye haja hafuati barabara. Alinivuta kupitia kwa fundi cherehani, kupitia kwenye nguo zilizoanikwa za mtu ambaye hakuwepo, na kwenye mkutano mdogo wa maombi uliokuwa nje ya chumba. Watu wa maombi walisogea bila kufungua macho.

Mzee wa dume alikaa kwenye jiwe akitazama kazi ikiendelea, nami nikakaa karibu naye, maana kwa jambo kama hilo wanaume wawili hawawezi kusimama wakitazamana.

"Huyu ng'ombe namjua," akasema. "Wewe sikujui."

"Mimi ni wa Mama wa Ng'ombe. Nimeanza leo. Najenga thingira pale kona."

Akatoa kichupa cha ugoro, akanimiminia kidogo kwenye kiganja. Sivuti ugoro. Nilivuta kwa sababu ya heshima, nikapiga chafya, na ng'ombe akashtuka, na kazi ikabidi irudiwe.

"Yule mama amekaa peke yake sana," mzee akasema.

"Sasa hatakuwa peke yake. Kuanzia Jumatatu atakuwa anasikia nyundo asubuhi mpaka jioni."

Mzee akatikisa kichwa polepole, akaangalia upande mwingine.

Nikirudi nilipita dukani kuchukua misumari ya mabati. Mwenye duka lile hakuwahi kunijibu salamu tangu nianze kununua kwake. Alikuwa anahesabu misumari kama meno yake. Nilisimama mlangoni nimeshika ng'ombe, nikamwambia anipe haraka, namalizia thingira kwa Mama wa Ng'ombe. Akatoka nyuma ya meza. Akanipa mkono. Akaongeza misumari ya juu kwa kiganja chake, akasema, "Karibu huku kwetu," na akamwita mkewe aje aone. Mke akaona. Nikaenda nikifikiri kwamba mtu akipata mahali pa kudumu pa kazi hata madukani anaheshimiwa, na kwamba ningefanya hivi miaka mingi nyuma.

Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe mchana. Mama alinipakulia mimi kwanza, kwenye sahani ya udongo mweupe yenye maua. Mwenzangu alipata ya bati. Akaila yote, akaongezwa, lakini hata hapo hakusema kitu, na mimi nilidhani ameudhika juu ya sahani.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Tulikiingiza kile kitanda cha mteja ndani, tukakisimamisha mahali ambapo maji hayatafika, na mbao zangu tukazipanga chini yake. Nilitaka kuchemsha gundi ili nimalizie kichwa cha kitanda jioni ile ile, na kabla sijaomba moto Mama alikuwa ameuleta mwenyewe, makaa mekundu kwenye kipande cha bati kutoka jikoni kwake. Aliyaweka katikati ya sakafu kwa uangalifu, akapuliza mpaka yakashika, akasimama kidogo akiyaangalia. Wanawake wawili walikuwa langoni. Mmoja alipiga kigelegele kidogo kisha akajizuia, kama mtu aliyepiga chafya ibadani.

Nikauliza ni nini. Mama akasema yule mwanamke ameona nyoka.

Shemeji alikuja nikiwa juu ya paa, yamebaki mabati machache upande mmoja. Alikuwa mzee wa koti na kofia, mtu wa kanisa, na nyuma yake mtu mwenye futi ya kupimia ya kujikunja. Walisimama langoni. Mwenye futi alikwisha kuikunjua, akatazama mwenzake, akaanza kuikunja tena.

"Wewe huko juu," akasema shemeji. "Hii ni nini?"

Nilijua huyu ndiye anayetaka kona, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu kwa adabu. "Habari ya jioni, mzee. Samahani umepata tumeshaanza. Hapa nimeweka thingira yangu."

Akavua kofia. Sijui kama ni kwa heshima au ni joto. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mama mwenyewe. Ndiye alinionyesha mahali."

"Na nguzo ya kwanza, ni nani aliweka?"

"Mimi."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Nakaa Kianda. Lakini kwetu ni ziwani."

Akageukia zizi, akasema kwa Kikuyu maneno mengi kwa sauti ya chini. Mama alikuwa anakamua ya jioni. Alijibu neno moja, bila kuinua kichwa kutoka ubavuni mwa ng'ombe. Shemeji akavaa kofia.

"Sasa utaleta wazee lini?" akaniuliza.

Mimi nilikuwa na mafundi wazee wawili marafiki zangu, walikuwa wanamalizia kazi Gatina, na nilikuwa nimefikiria kuwaalika tufanye kazi pamoja. Nikashangaa amejuaje. "Wiki ijayo," nikasema. "Nitaleta wawili kwanza. Usiwe na wasiwasi, hao wanajua kazi, wanaingiza msumari bila kelele."

Mwenye futi aliangalia viatu vyake. Halafu wakaondoka, wakafunga lango wenyewe, kitu ambacho hakuna mtu alikuwa anafanya.

Nikachukua bati lingine. Chini, mwenzangu alikuwa amekaa juu ya ndoo, mabega yanatetemeka kwa kicheko.

"Jaduong'," akasema, akiniita mzee kwa lugha ya kwetu, "hebu shuka."

"Sishuki. Bado kidogo."

"Basi shika boriti vizuri. Thingira si karakana."

"Ni nini?"

"Ni nyumba ya baba wa boma. Mwenye boma. Huyo mzee amesema hii kona ndipo ile ya marehemu ilikuwa, kabla haijaanguka. Wazee ambao huyo anauliza ni wa kuja kuongea mambo ya mbuzi. Ya mahari. Na wewe umemwambia wanaingiza msumari bila kelele."

Nikakaa juu ya bati. Lilikuwa na moto wa jua bado, lakini nilikaa.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi, uliposema na wale wa maziwa."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani mmeelewana. Nikasema hawa ni watu wazima. Hata nikajisemea, huyu jamaa kumbe ni mjanja."

Nikaanza kufikiria siku yote kutoka mwanzo, na hakuna mahali nilipopita vizuri. Nilikuwa nimepeleka ng'ombe wa boma kwa dume. Nilikuwa nimekula kwenye sahani ya maua. Kitanda kilikuwa ndani na moto ulikuwa unawaka mbele yake, na aliyeuleta ni mwenye jiko. Na tuache mambo ya Wakikuyu, kwetu sisi pia mwanamume akiingia boma la mjane akasimamisha nguzo kwa mkono wake, hakuna mtu anamuuliza swali, kwa sababu jibu limesimama pale linaonekana. Huyo amemrithi. Kwa njia zote mbili nilikuwa nimefika. Kianda wangepata habari kesho baada ya kanisa, na bibi yangu angepata kwa basi la kwanza la wiki.

Mama akatoka zizini na ndoo.

"Mama," nikamwita kutoka juu. "Thingira ni nini?"

"Ni hiyo umekalia."

"Uliniambia ni karakana."

"Wewe uliuliza jina, mimi nikakupa lenye tuko nalo. Ya baba ya watoto wangu ilikuwa na nyundo ndani, na msumeno."

"Mimi nina bibi."

"Nimemfukuza? Nimekupa kona tu."

"Shemeji yako anataka wazee."

"Acha atake." Akaweka ndoo chini. "Sikiliza, fundi. Karakana, huyo anaibomoa Jumatatu kabla ya uji, na Jumanne ni vyumba, na baada ya vyumba ni zizi, na baada ya zizi ni mimi. Thingira hawezi kuigusa. Hata akiiona ni mbaya."

"Ni mbaya?"

"Ule ukuta wa kushoto umeinama."

Nikautazama. Ulikuwa umeinama kidogo.

"Kwa hivyo nikimwambia yule mzee ukweli?" nikauliza.

"Atapima. Utaona ile futi inarudi."

"Na nikikaa?"

"Ukikaa utafanya kazi yako ya vitanda. Paa unalo. Watu watakuita jina watakalo." Akachukua ndoo tena. "Baba ya watoto alikaa Mombasa miaka na miaka, anafanya kazi ya bandari. Thingira yake ilikuwa hapo tupu, na hakuna mtu aliinua hata jiwe. Mwanamume akiwa safari bado ni mwanamume. Piga hilo bati, mvua inakuja."

Nikalipiga. Fundi hawezi kuacha bati moja. Nikapiga na la mwisho, nikatazama misumari yote, nikaongeza miwili mahali ambapo upepo hupenda kuingilia. Nilipofika chini matone yalikuwa yameanza. Tukaingia ndani mimi na mwenzangu, tukasimama kusikiliza. Niliangalia juu kila kona. Hakukuwa na tone. Mvua ilikuwa inapiga juu ya mbao zangu na mbao zangu zilikuwa kavu, na katika miaka yote niliyokuwa Nairobi hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Siwezi kudanganya, niliona raha. Harufu ya gundi, moshi kidogo, na mbele ya mlango unaona sukuma, unaona nepia mpaka mtoni.

Mama akaja na maji moto kwenye karai na kiti cha miguu mitatu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona. Kilikuwa kimetengenezwa na mtu anayejua. Akakiweka karibu na moto. Nikanawa, nikakaa.

"Mzee," akasema, "utakula chapati ama ugali?"

Tangu asubuhi kwake nilikuwa fundi.

"Yeye anapenda chapati," mwenzangu akasema. "Hata mimi."

Mama akangoja nijibu mwenyewe. Hakuwa anacheka. Alikuwa na unga kwenye mkono mmoja tayari. Nikaangalia mlango, ambao ulikuwa umeegemezwa tu kwenye fremu.

"Mlango hauna bawaba," nikasema. "Niende dukani kabla mwenye duka hajafunga."

"Mvua inanyesha."

"Ni manyunyu."

Alinitazama, akatazama kitanda, akatazama mbao zilizopangwa chini yake. Halafu akafuta mkono kwenye khanga.

"Huko unakopita," akasema, "usiwaambie watu ni karakana."

"Sitawaambia."

"Ukiulizwa?"

"Nitasema ni thingira yangu."

"Basi nenda."

Nilitoka na nyundo kiunoni kwa sababu sikukumbuka kuitoa. Randa, misumeno, patasi na kitanda cha watu vilibaki ndani, na mwenzangu alikuwa amesogeza ndoo karibu na moto. Nilifunga lango la kayaba. Wanawake waliokuwa wanateka maji walinisalimia, na mmoja akauliza naenda wapi na mvua hii. Nikasema naenda safari. Dukani taa ilikuwa imewashwa. Mwenye duka aliinua mkono, nikainua wangu, nikapita, nikashika njia ya Kianda, na upande ule wa Kongo sijakanyaga tena.